Picha Ikikatika, Hesabu Sekunde: Mwongozo wa Muda wa Ripoti za IGMP

Umefunga televisheni za hoteli, zote zinaonyesha. Dakika nne na kidogo baadaye picha zinaganda. Ukibadilisha chaneli na kurudi, picha inarudi nayo. Dakika nne zikipita, inaganda tena. Wengi hapo huanza kulaumu waya, kisha swichi, kisha kasi ya intaneti. Lakini waya mbovu haungoji dakika nne kila mara. Kinachokatika kwa muda ule ule kila siku kinakatwa na saa, na saa hiyo ina jina.

Video ya namna hii husafiri kwa maltikasti. Mtambo hutuma mkondo mmoja tu kwa kila chaneli, na swichi huugawa kwa vifaa vilivyouomba. Kifaa huomba kwa kutuma ripoti kwamba kimejiunga na kundi fulani, na baadaye hutakiwa kuthibitisha tena na tena kwamba bado kimo. Kwenye IPv4 kazi hiyo hufanywa na itifaki ya IGMP. Kwenye IPv6 hufanywa na MLD. Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia televisheni za mtandao, kamera za ulinzi au vipaza sauti vinavyotumia maltikasti. Ukishajua ni nani anatakiwa kusema nini, na kwa sekunde ngapi, hitilafu nyingi utazitambua kwa saa ya mkononi kabla hujafungua kompyuta.

NANI ANASEMA, NA WAKATI GANI

Kila mtandao wa ndani, au kila VLAN, huhitaji muulizaji mmoja. Huyu ni ruta au swichi yenye kazi ya kutuma swali la jumla kwenda 224.0.0.1, anwani inayosikilizwa na vifaa vyote: nani bado anataka kundi lolote? Swali hilo hubeba kikomo cha kujibu, kwa kawaida sekunde 10. Kifaa hakijibu papo hapo. Huchagua kwa bahati nasibu muda wowote kati ya sifuri na kikomo, hungoja, ndipo hutuma ripoti. Bila ngojangoja hiyo, vifaa mia sita vingejibu kwa mpigo mmoja na kumlemea muulizaji.

Katika toleo la kwanza, lililoandikwa na Steve Deering mwaka 1989, na la pili la mwaka 1997, ngojangoja hiyo ilikuwa na faida nyingine. Ripoti ilitumwa kwa anwani ya kundi lenyewe ili wanachama wengine waisikie. Ni kama konda wa daladala anapouliza, "Magomeni wapo?" Abiria mmoja akijibu "Wapo!", wengine wa Magomeni hunyamaza, maana gari litasimama tu. Vivyo hivyo, kifaa kilichosikia ripoti ya mwenzake kwa kundi lile lile kilifuta yake. Ruta ilitosheka kujua kwamba yupo angalau mmoja.

Swichi zilipoanza kusikiliza IGMP, hesabu ilibadilika. Ruta huuliza kama kuna mtu. Swichi inataka kujua yuko kwenye poti ipi. Vifaa vikinyamaziana, swichi itamjua aliyejibu tu na kuwanyima wengine mkondo. Kwa hiyo swichi inayofanya kazi hii ipasavyo hupeleka ripoti upande wa ruta peke yake, na kila kifaa hudhani ni chenyewe tu kwenye kundi. Hayo ndiyo mapendekezo ya waraka wa RFC 4541 wa mwaka 2006. Toleo la 3 la IGMP, la mwaka 2002, lilikuwa limekwisha kuondoa kunyamaziana kabisa: kila kifaa hujibu chenyewe, na ripoti huenda 224.0.0.22.

Kujiunga na kuondoka hakungoji swali. Kifaa kinapojiunga hutuma ripoti mara moja, kisha huirudia kwa tahadhari, isije ikawa ya kwanza imepotea. Kinapoondoka hutoa taarifa, na muulizaji huuliza juu ya kundi hilo moja: kuna mwingine aliyebaki? Hapo kikomo cha kujibu ni sekunde 1, na swali huulizwa mara mbili. Kimya kikitawala, mkondo hukatwa.

NAMBA ZA KUKARIRI

Hizi ndizo thamani za kawaida za toleo la 2 na la 3:

• Kipindi kati ya swali la jumla na jingine: sekunde 125.
• Muda wa kujibu: sekunde 10.
• Kigezo cha uvumilivu, ambacho kwenye menyu huandikwa Robustness: 2. Maana yake mtandao unaweza kupoteza ujumbe mmoja bila madhara.
• Muda wa uanachama bila ripoti mpya: sekunde 260.
• Muda wa kumngoja muulizaji aliyenyamaza kabla mwingine hajachukua nafasi yake: sekunde 255.
• Kuhakikisha kwamba kundi limebaki tupu baada ya mtu kuondoka: sekunde 2.
• Kurudia ripoti ya kujiunga: ndani ya sekunde 10 kwa toleo la 2, ndani ya sekunde 1 kwa toleo la 3.

Namba ya 260 haikuokotwa hewani. Zidisha kigezo cha uvumilivu kwa kipindi cha swali, kisha jumlisha muda wa kujibu: 2 × 125 + 10. Ile ya 255 huchukua nusu tu ya muda wa kujibu: 2 × 125 + 5. Shika kanuni hizi mbili, kwa sababu ukibadilisha namba moja nyingine nazo lazima zisogee.

SOMA UGONJWA KWA SEKUNDE

Mkondo unakatika baada ya sekunde 260 au karibu yake, na unarudi ukibadilisha chaneli. Hakuna muulizaji. Kifaa kilituma ripoti ya kujiunga, swichi ikakiandika, mkondo ukaanza. Kwa kuwa hakuna aliyeuliza tena, kifaa hakikuwa na sababu ya kuripoti tena. Sekunde 260 zikaisha, swichi ikalifuta jina. Kubadilisha chaneli kulileta ripoti mpya na kuanzisha hesabu upya. Hii ndiyo hitilafu inayoonekana mara nyingi kuliko zote, hasa kwenye VLAN iliyotengwa kwa ajili ya televisheni au kamera na isiyo na ruta ndani yake. Dawa yake ni kuwasha uulizaji kwenye swichi moja ya VLAN hiyo.

Chaneli inachelewa kufunguka hadi sekunde 10, si kila mara. Ripoti ya kwanza ya kujiunga imepotea, na kifaa cha toleo la 2 kinangoja kurudia. Toleo la 3 hupunguza ngojangoja hiyo hadi sekunde 1. Kama kifaa kina uwezo, kihamishie huko, kisha utafute kwa nini pakiti zinapotea.

Picha inakwaruza kwa sekunde mbili tatu kila chaneli inapobadilishwa. Chaneli ya zamani bado inakuja wakati mpya imekwisha kuanza. Kama kila moja ni Mbps 8 na laini ya chumba ni Mbps 10, mbili hazitoshei. Zile sekunde 2 za kuhakikisha ndizo unazoziona kwenye kioo.

Mtu anabadilisha chaneli, na televisheni ya chumba cha pili inakuwa nyeusi, kisha inarudi yenyewe ndani ya dakika mbili na kidogo. Kwenye poti hiyo kuna vifaa viwili nyuma ya swichi ndogo, na umewasha uondokaji wa papo hapo, ule unaoandikwa Fast Leave au Immediate Leave. Mmoja alipoaga, swichi ilikata bila kuuliza kama kuna aliyebaki. Huyo wa pili atarudi swali la jumla litakapofika na yeye akajibu, yaani baada ya sekunde zisizozidi 135: hadi 125 za kungoja swali na hadi 10 za kujibu.

Mkondo unakatika kwa sekunde chache, bila mpangilio, kisha unarudi wenyewe. Huu unahitaji kuelezwa kwa kirefu.

SAA MBILI ZISIZOPATANA

Chukua mtandao ambao ruta yake inauliza kila sekunde 125, lakini swichi imepangwa kana kwamba swali huja kila sekunde 60. Swichi itapiga hesabu yake: 2 × 60 + 10, sawa na sekunde 130. Kwa haraka unaweza kuona hakuna neno: swali huja kila sekunde 125, na 125 ni ndogo kuliko 130.

Tatizo ni ile bahati nasibu. Tuseme safari hii kifaa kimejibu sekunde 1 baada ya swali, na safari ijayo kikajibu sekunde 9 baada ya swali. Kati ya ripoti hizo mbili zimepita sekunde 133. Swichi ilishakata kwenye ya 130, na picha imeganda kwa sekunde 3 kabla ripoti haijafika. Nafasi kati ya ripoti na ripoti inaweza kuwa sekunde 115 hadi 135, na kila inapozidi 130 mkondo hukatika kwa muda usiozidi sekunde 5.

Hutokea mara ngapi? Kama muda wa kujibu huchaguliwa kwa usawa kati ya 0 na 10, uwezekano wa jibu la pili kuchelewa kuliko la kwanza kwa zaidi ya sekunde 5 ni mmoja kati ya nane. Swali huja takriban mara 29 kwa saa, kwa hiyo kila televisheni itakwama kama mara tatu au nne kwa saa, kila moja kwa wakati wake. Ukisimama mbele ya kioo robo saa unaweza usione lolote, ukaondoka ukisema mteja anazusha. Mteja hazushi.

Hali hii hutokea kirahisi kwa sababu si watengenezaji wote wanaotumia 125. Wapo wanaouza vifaa vikiwa vimepangwa 60. Swali la toleo la 3 hubeba ndani yake kipindi na kigezo cha uvumilivu, na ruta ambazo si waulizaji huvifuata. Swali la toleo la 2 halibebi habari hizo, kwa hiyo kila kifaa kinashika namba zake. Unapochanganya chapa mbili kwenye VLAN moja, linganisha namba hizi kabla ya jambo jingine lolote.

NAMNA YA KUPANGA

1. Chagua muulizaji, usimwachie bahati. Wakiwapo wawili, mwenye anwani ndogo ya IP ndiye hushinda. Basi mpe ruta au swichi kuu anwani ndogo, na mpe ya pili uulizaji kama akiba. Hakikisha muulizaji ana anwani halisi ndani ya VLAN hiyo. Kamera au kisanduku cha zamani chenye anwani ndogo na uulizaji uliosahaulika kikiwaka, kinaweza kunyakua kazi hiyo bila wewe kujua.

2. Anza na 125, 10 na 2. Usiziguse bila sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja.

3. Ukibadilisha, badilisha kila mahali siku ile ile, na upige hesabu upya. Muda wa kujibu lazima uwe mdogo kuliko kipindi cha swali. Vinginevyo swali jipya linakuja kabla majibu ya lile la zamani hayajaisha.

4. Kama vifaa ni vingi, refusha muda wa kujibu. Televisheni 600 zikijibu ndani ya sekunde 10 ni ripoti 60 kwa sekunde kwa wastani. Zikipewa sekunde 25, ni 24 tu. Toleo la 2 haliwezi kuvuka sekunde 25.5, kwa sababu muda huo huandikwa kwa sehemu za kumi za sekunde ndani ya baiti moja. Ukiweka 25, muda wa uanachama unakuwa sekunde 275.

5. Kwenye Wi-Fi, pandisha kigezo cha uvumilivu hadi 3. Pakiti ya maltikasti inayotoka kwenye kituo cha Wi-Fi kwenda kwa simu au televisheni haithibitishwi na mpokeaji, kwa hiyo swali lenyewe linaweza kupotea angani, na asiyesikia swali hajibu. Kwa kigezo cha 3, uanachama hudumu sekunde 385. Usikishushe kuwa 1, kwa sababu ujumbe mmoja ukipotea utatosha kukata picha.

6. Uondokaji wa papo hapo ni kwa poti yenye kifaa kimoja tu. Penye vifaa viwili au zaidi, uzime. Ukitaka chaneli zibadilike haraka zaidi, punguza muda wa swali la mwisho, lile linaloulizwa kifaa kinapoondoka, kutoka sekunde 1 hadi nusu sekunde. Mkondo wa zamani utakatwa baada ya sekunde 1 badala ya 2. Kushuka chini zaidi ni hatari kwa vifaa vyenye kasi ndogo, kwani vitachelewa kujibu na kukatwa vikiwa bado vinatazamwa.

7. Usizime usikilizaji wa IGMP kama tiba. Ni kweli picha zitarudi, kwa sababu swichi itamwaga kila mkondo kwenye kila poti. Lakini chaneli 40 za Mbps 8 ni Mbps 320, na poti ya televisheni nyingi ni ya Mbps 100. Utakuwa umeponya kidole kwa kuvunja mkono.

8. Ondoa matoleo ya zamani kadiri unavyoweza. Kifaa cha toleo la 2 kikiripoti kundi kwenye mtandao wa toleo la 3, ruta hulirudisha kundi hilo kwenye kanuni za zamani hadi sekunde 260 zipite bila kukisikia tena. Kanuni hizo hazijui kuchagua chanzo cha mkondo. Toleo la 1 ni baya zaidi, kwa kuwa halina kuaga: kifaa huondoka kimya, na mkondo huendelea hadi muda wa uanachama uishe.

HAKIKISHA KWA MACHO YAKO

Menyu ya swichi hukuambia ulichopanga. Kinachopita kwenye waya ndicho ukweli. Kwenye kompyuta yenye Linux iliyochomekwa kwenye VLAN husika, andika:

tcpdump -n -v -i eth0 igmp

Badilisha eth0 kwa jina la kiolesura chako, kisha ngoja dakika tano bila kugusa kitu. Unatakiwa kuona swali la jumla angalau mara mbili, likitoka kwenye anwani moja ile ile. Usipoona swali, umepata jibu. Ukiona maswali yanatoka anwani mbili kwa zamu, uchaguzi wa muulizaji umeharibika, au kuna swichi katikati inayozuia mmoja asimsikie mwenzake.

Usishangae kutoziona ripoti za televisheni nyingine. Swichi inazipeleka upande wa muulizaji tu, kama ilivyoelezwa. Ukitaka kuziona, nakili trafiki ya poti ya muulizaji kwenda kwenye poti yako, halafu pima nafasi kati ya ripoti na ripoti ya kifaa kimoja. Ikiwa kati ya 115 na 135, mambo ni shwari upande wa vifaa; sasa linganisha na muda ambao swichi inaushika.

Kuona kompyuta yenyewe imejiunga na makundi yapi, tumia ip maddr show, au soma faili la /proc/net/igmp, ambalo huonyesha pia toleo linalotumika. Kama kuna mashine pepe, kumbuka kwamba daraja la Linux huja likiwa na usikilizaji umewashwa na uulizaji umezimwa. Amri ya bridge mdb show itakuonyesha linawajua nani, na uulizaji huwashwa kwa:

ip link set dev br0 type bridge mcast_querier 1

Mwisho, fanya jaribio la kumuua muulizaji. Mzime mkuu, uanzishe saa. Wa akiba anatakiwa kushika kazi ndani ya sekunde 255. Kwa kuwa uanachama hudumu 260 na majibu huchukua hadi 10, televisheni chache zinaweza kukwama kwa muda usiozidi sekunde 5 wakati wa kupokezana. Zikikatika zote na zisirudi, huna akiba. Una swichi ya pili tu.

IPV6: SAA ZILE ZILE, HATARI KUBWA ZAIDI

MLD hufuata hesabu zile zile: 125, 10, 260. Tofauti ni kwamba muda wa kujibu huandikwa kwa elfu za sekunde, kwa hiyo sekunde 10 huonekana kama 10000. Usidhani ni hitilafu. MLD ya kwanza, ya mwaka 1999, inafanana na IGMP ya 2, na ya pili, ya mwaka 2004, inafanana na IGMP ya 3.

Hatari ni hii: kwenye IPv6, vifaa hutumia maltikasti hata kutafutana majirani kwenye mtandao mmoja. Swichi inayosikiliza MLD vibaya, au isiyo na muulizaji, inaweza kuvifanya vifaa visionane kabisa, wala si kukata video tu. Ukiwasha usikilizaji wa MLD, washa na uulizaji wake siku hiyo hiyo. Na unapopima kwa tcpdump, kichujio cha icmp6 pekee kitakosa ujumbe wa MLD, kwa kuwa hutanguliwa na kichwa kingine cha ziada. Tumia ip6 multicast.

KABLA HUJAONDOKA KWA MTEJA

Andika kwenye karatasi anwani ya muulizaji na ya akiba wake, kipindi cha swali, muda wa kujibu, kigezo cha uvumilivu na poti zenye uondokaji wa papo hapo, kisha uibandike ndani ya mlango wa kabati la swichi. Fundi atakayekuja baada yako ataongeza swichi ya chapa nyingine, na hizo ndizo namba atakazohitaji kulinganisha. Picha ikikatika tena, usikimbilie kuzima na kuwasha: vifaa vitajiunga upya, hitilafu itajificha kwa dakika nne, na utaitwa ukiwa njiani kurudi nyumbani. Ngoja ikatike ukiwa mbele yake, hesabu sekunde, ndipo ushike bisibisi.